Nilianza Kiarabu kwa kugeuza mbata Pangani, na siku niliyokataa kusema Amin

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Katika ujana wangu kuna usiku mmoja sikulala kabisa kwa sababu ya swali hili: chumba kimejaa watu, na mtu mmoja tu amesikia jambo ambalo wengine hawakulisikia, na huyo mmoja ni mwanafunzi. Je, amesikia kweli, au kichwa chake kinamdanganya?

Nawaletea habari hii kwa sababu juzi kijana mmoja humu aliuliza beginner wa Kiarabu aanzie wapi. Mkamjaza majibu: app, video, kamusi, anza na sarufi. Sibishi. Ila mimi nilianzia pengine, na haya nayaandika kama nilivyoyaona. Atakayeona ni hadithi, hewala, apite.

Nawatahadharisha pia kwamba uzi huu hauna raha nyingi.

Ni mambo ya miaka ya hamsini, bendera ya Mwingereza bado iko bomani. Leo mimi ni mzee sana, mjukuu wangu ndiye aliyeniingiza jukwaani humu. Wakati ule nilikuwa kijana nimetoka chuo cha ualimu, mwenyeji wa Chumbageni, Tanga mjini, nikapelekwa kufundisha Pangani.

Cheti nilikuwa nacho, kazi nilikuwa nayo, lakini utulivu sikuwa nao. Mtu akiniitikia salamu kwa mkato, nashinda kutwa nawaza nimemkosea nini. Hata uzi huu nimeuandika nikaufuta, nikauandika tena.

Jambo lililonila zaidi ni hili. Utotoni nilihitimu msahafu kwa maalimu wetu pale Chumbageni. Nyumbani ulipikwa wali wa nyama, nikavishwa kanzu mpya, nikatembezwa mtaa mzima kwa kaswida. Kila mtu akasema huyu mtoto anajua Kiarabu.

Wakuu, sikukijua. Nilijua kukisoma. Ungenifungulia ukurasa wowote ningeutiririsha, na ungeniuliza maana yake ningekukodolea macho.

Kwetu hilo halikuwa aibu, maana karibu wote tulikuwa hivyo. Kiarabu kilikuwa lugha ya kusomwa, si ya kuombea chumvi mezani. Mtu akikitamka karibu yako, unainua mikono, unaitikia Amin. Tafadhalini, hilo la Amin mliweke kichwani.

Pangani alikuwapo mzee mmoja, Mzee Khalfan, Mmanga aliyezaliwa Oman akaja pwani akiwa kijana. Alikuwa na shamba la minazi huko Mwera, ng'ambo ya mto. Nazi zake zilivushwa kwa pantoni, zikapasuliwa na kuanikwa uani kwake ziwe mbata. Mkewe alikwisha kufariki. Aliishi na mwanawe Seif na binti yake Zuwena.

Wote wawili walizaliwa Pangani na lugha yao ilikuwa Kiswahili. Seif alikuwa na sauti ya kusoma ambayo hata wapita njia walisimama kuisikiliza. Kuongea Kiarabu, hapana. Mzee hakuwafundisha. Mama yao hakukijua, na nyumba hufuata lugha ya mama.

Nilizunguka mlango ule jioni kadhaa kabla sijapata moyo wa kubisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kununua mbata?"

"Nimekuja kukuomba unifundishe Kiarabu."

Akanitazama kutoka viatu mpaka kofia. "Wewe si mtoto wa Kiislamu? Hukijui?"

"Najua kusoma."

"Haya, soma."

Nikasoma kwa madaha, nimefumba na macho. Alinisubiri kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akanyooshea kidole mtungi wa maji uliokuwa pembeni.

"Sasa niombe maji."

Nikautazama mtungi, nikamtazama yeye.

"Wallahi! Msahafu mzima umo kifuani, na huyu atakufa na kiu!" Alicheka mpaka akakohoa, na mimi masikio yakaniwaka moto.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Kitabu alinikataza. Kalamu alinikataza. Kila jioni baada ya shule nilikwenda uani kwake, na somo letu lilikuwa ni vitu vilivyokuwa pale. Maji ni *may*, kwa Kiarabu cha kwao Oman, si cha vitabuni. Nataka maji ni *abgha may*. Kahawa sikupewa mpaka niiombe sawasawa. Akiniagiza jambo, sharti niitike *hadhir*, yaani niko tayari, ndipo niinuke.

Neno nililolisikia kuliko yote ni *kallib*, geuza. Mbata hugeuzwa juani, la sivyo huoza upande uliolala chini. Mzee alikaa kwenye kiti chake cha kamba, mimi nimechuchumaa na kanzu nimeikunja, naye ananipigia kelele: "Kallib, mwalimu, kallib! Hiyo unaibembeleza ya nini, ni mchumba wako?"

Nikikosea neno ananiita kasuku. Nikipatia, anasema, "Kasuku leo kala vizuri."

Walimu wenzangu walinicheka. Mtu ana cheti, anakwenda kugeuza nazi za Mmanga bila ujira! Na mimi usiku nawaza labda kweli mzee ananitumia tu. Lakini kila wiki masikio yangu yalizidi kufunguka. Nikaanza kusikia pale ambapo zamani nilikuwa nasoma tu. Kijana uliyeuliza, shika hapo kwanza, tafuta mtu wa kukuambia "lete" na "geuza" kabla hujatafuta kitabu.

Ikaja likizo, nikarudi Tanga kwa mama. Niliporudi Pangani nikakuta habari sokoni.

Mzee Khalfan alianguka akielekea msikitini alfajiri. Mwili ukapooza. Na Kiswahili chote kimemtoka, hakuna hata neno moja lililobaki. Anasema Kiarabu tu, kutwa kucha.

"Kawa walii yule," muuza samaki akaniambia. "Haombi chakula, hazungumzi habari za dunia. Ni dua mtindo mmoja. Watu wanatoka mpaka Tanga kuja kuitikia."

Nilikwenda alasiri ile ile, ilikuwa Alhamisi. Viatu vilijaa mlangoni. Chumbani udi ulifukizwa mpaka macho yakawasha. Mzee alilazwa kwa ubavu wa kulia, uso umeelekezwa kibla, kama anavyolazwa mtu anayekata roho.

Maana siku ya kwanza walidhani anakata roho. Dresa wa serikali, yule mganga msaidizi, alikuja, akasema hana la kufanya, na maji apewe tone tone kwa pamba kwa sababu anapaliwa. Alipoondoka wakamlaza vile. Hakufa. Na hakuna aliyethubutu kumwondoa kibla. Nani atamgeuza mgonjwa ampe kibla mgongo, kisha roho itoke dakika ile? Kwa hiyo alibaki vile vile tangu siku hiyo. Walimfuta uso na miguu, wakambadilisha shuka ya juu tu.

Seif alikaa kichwani pake, anasoma Yasini. Sauti ilikuwa nzuri, wakuu, ya kuliza. Alipopumzika, midomo ya mzee ikacheza.

"Abgha may."

"Amiiin," chumba kizima kikaitikia, mikono juu.

"Kallibni."

Nigeuze.

"Amiiin."

Mikono niliyokwisha kuiinua nikaishusha. Mzee alirudia yale yale, sauti imekauka kama jivu, na kila aliporudia walimwitikia kwa unyenyekevu zaidi. Mmoja alikuwa analia kwa imani. Pamba ilikuwa imekauka kwenye kisahani.

Nyuma ya pazia la mlango wa ndani ikatoka sauti ya Zuwena.

"Mwalimu, wewe ulikuwa unasema naye uani. Baba anaomba nini?"

Kabla sijajibu, Seif akasema, "Anamwomba Mola wake, dada. Mtu aliye hali hii aombe nini kingine?"

"Nimemuuliza mwalimu," akasema Zuwena.

Wote wakanigeukia. Walikuwapo masheikh wenye vilemba, wageni kutoka Tanga, watu wazima wenye heshima zao. Mimi mwalimu wa watoto wadogo, Kiarabu changu chote nimekiokota kwenye mbata.

"Sina hakika bado, bibi," nikasema. "Nitakuja kesho."

Usiku ule ndio sikulala.

Kila wazo lilizaa jingine. Huenda kuna dua kubwa yenye maneno yale ambayo mimi sijafika. Huenda masheikh wanajua, wananisubiri nijiaibishe. Nikisema, nitakuwa nimeivunjia nyumba ile heshima waliyoipata mji mzima. Nitamwambia Seif mbele ya watu kwamba baba yake hakuwa akiomba pepo, alikuwa akiomba maji, na yeye amemsomea juu ya kiu yake. Nikikosea, Pangani hapanikai tena. Nikipatia, ni vibaya zaidi.

Nikajaribu kujiambia kwamba mzee hata hivyo anakufa. Hapo ndipo nikakumbuka uani, na kicheko chake, na ule mtungi. Huyu atakufa na kiu.

Ijumaa baada ya sala chumba kilifurika kuliko jana. Nilijipenyeza mpaka mbele nikakaa karibu na kitanda. Seif akamaliza kusoma. Midomo ya mzee ikafunguka. Ilikuwa imepasuka pasuka.

"Kallibni."

Watu wakavuta pumzi waitikie. Nikawatangulia.

"Hadhir," nikasema.

Wakuu, macho yale yalifunguka. Tangu jana yalikuwa nusu, yanatazama ukuta. Yakahangaika kutafuta sauti imetoka wapi, yakanipata. Machozi yakamtoka, akasema tena neno lile lile taratibu, kama alivyokuwa akinifundisha.

Nikainuka.

"Unafanya nini?" Seif akanishika mkono. "Mwalimu! Mwache! Unamtoa kibla!"

"Bwana Seif, anasema mgeuzeni. Tangu jana anasema mgeuzeni. Na anataka maji."

"Nani kakwambia?"

"Yeye. Yeye ndiye aliyenifundisha maneno haya, hapo uani kwenu."

Mzee mmoja mwenye kilemba akasema, "Kijana, mche Mungu, toka." Mwingine akacheka kidogo.

Zuwena akafungua pazia. Akaingia kati ya wanaume wale wote, mtandio kichwani, kikombe mkononi. Hakumwambia mtu neno. Akapita upande wa pili wa kitanda, akaweka mikono chini ya bega la baba yake, akanitazama nianze.

Tukamgeuza.

Shuka ya chini ilikuja naye, imemgandia mwilini. Sitaandika yote niliyoyaona ubavuni pale. Mfupa wa nyonga ulionekana. Na harufu iliyotoka, udi wote wa chumba kile haukuweza kuifunika. Aliyecheka akatoka nje mbio.

Zuwena akalowesha pamba, akamkamulia mdomoni, tone baada ya tone. Mzee alikuwa anainyonya kama mtoto mchanga.

"May," akasema.

Kutoka pembeni, kwa mazoea, mtu mmoja akaitikia, "Amin." Hakuna aliyemfuata.

Seif alikuwa amesimama, msahafu ameukumbatia kifuani. Kisha akaurudisha msahafu kwenye marfaa, kile kibao chake cha kusomea, akachukua kikombe kutoka kwa dada yake, akapiga magoti. Wageni wakatoka mmoja mmoja bila kuaga.

Siku zilizofuata nilikwenda kila nilipotoka shule. Dresa alirudi akasafisha kidonda, lakini kilikwisha kwenda mbali. Mzee akawa ananiambia, nami nawaambia watoto wake: mto, mlango, baridi, Zuwena njoo. Ni maneno ya uani tu, na yalitosha. Siku moja aliniuliza jambo refu sikulielewa, nikamwambia sielewi. Akanitazama sana, akafumba macho. Mpaka leo sijui aliniuliza nini. Nimeliwaza maisha yangu yote.

Alikufa asubuhi, maji yako mdomoni. Kibla tulimwelekeza baada ya hapo.

Arobaini ilipopita, Seif akaja shuleni kwangu watoto wakiwa wametoka. Akakaa kwenye dawati dogo, magoti yamemfika kifuani. Tangu ile Ijumaa alikuwa hajanisemesha zaidi ya salamu, na mimi nilikwisha kuandaa kichwani majibu ya kila tusi.

"Nifundishe," akasema.

Nikamwambia, "Mimi mwenyewe ni mwanafunzi."

"Nifundishe aliyokuwa akiyasema. Yote. Kwa mpango. Nataka kujua nilikuwa naitikia nini."

Hapo nikasita tena, wakuu. Mtu ukimfundisha maneno yale, unampa mzigo wa kubeba mpaka kaburini. Ukimnyima, unamwacha kama tulivyomwacha baba yake, anasema na hakuna wa kumjibu. Nilifikiri mpaka akanyanyuka aende.

"Kaa," nikasema. Nikaenda kwenye mtungi wa darasani, nikajaza kikombe, nikakiweka mbele yake. "Hili la kwanza ni *may*."

Akalirudia. Sauti yake ile nzuri haikutoka.

Kijana uliyeuliza, jibu langu ndilo hilo. Anza na maji. Anza na nipe, nigeuze, baridi, inauma, njoo. Sarufi itakuja na vitabu vitakuja, na kusoma kwa sauti nzuri ni neema. Lakini usijihesabu umeanza lugha mpaka mtu akuombe kitu kwa lugha hiyo nawe uinuke.

Na kama nyumbani kwenu yupo mzee ambaye lugha yake haina tena msemaji mwingine humo ndani, iwe Kiarabu, Kidigo, Kishambaa au nyingine yoyote, keti naye angali mzima.

Wadau, nanyi neno lenu la kwanza mlifundishwa na nani? Andikeni hapo chini. Nitasoma yote, ingawa najijua, atakayenijibu kwa mkato nitamuwaza wiki nzima.