Posa ya Milimita Moja

Elinami wa Moshono hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe mwanzo kabisa, maana huko mbele utatamani kumtukana. Alikuwa fundi wa kukata lenzi za miwani katika duka moja la mjini Arusha, Mmeru wa miaka thelathini na miwili, msafi, hanywi, kanisani haachi. Tatizo lake lilikuwa moja tu, la rangi ya bluu, lenye milango minne na bawa kubwa nyuma. Lilikuwa Subaru.

Alilinunua limeshatumika, akalipenda kupita kiasi. Na wala hakupenda injini kama vijana wenzake. Alipenda breki. Wenzake wakijisifu kwa kukimbia, yeye alijisifu kwa kusimama. Alikuwa akija mbio mpaka watu wanashika vichwa, halafu anasimama hatua mbili kabla ya mtaro, anashuka taratibu akipangusa miwani yake. Ili aweze vituko hivyo aliagiza brekipedi, vile vibao vinavyobana diski ya tairi, tena za mashindano, zile za watu wanaozunguka uwanjani mpaka diski zinageuka nyekundu. Sasa brekipedi za namna hiyo hazishiki mpaka zipate moto, na Moshono asubuhi ya mwezi wa saba, jamani, hata maji ya bomba yanauma meno. Kwa hiyo kila siku saa kumi na mbili Elinami alilitoa gari akaenda kulipasha breki. Anakwenda, anakanyaga, anakwenda, anakanyaga, breki zinapiga mayowe mtaa mzima unaamka, robo saa nzima. Ndipo anarudi nyumbani kunywa chai. Akimaliza chai breki zimeshapoa, basi anaanza upya.

Mtu huyu ndiye aliyempenda Silantoi. Silantoi alikuwa muuguzi katika zahanati moja, binti mcheshi asiyependa maneno mengi, na ajabu ni kwamba alimpenda Elinami na breki zake zote. Walikaa katika uchumba wao wa kificho mwaka na nusu, mwisho Elinami akasema yatosha, anakwenda kuposa. Hakulala usiku wa kuamkia siku hiyo. Alishapima vioo vya watu wengi maishani, lakini hakuwahi kutaka kitu kama alivyomtaka binti yule.

Nyumbani kwa kina Silantoi ni Ilboru, upande wa juu, penye migomba na kahawa na barabara inayoteremka mpaka getini. Baba yake, Mzee Lemomo, Mwarusha wa pale pale, aliendesha watalii miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu. Elinami alikwenda na washenga wawili, mjomba wake na mwinjilisti wa mtaa, wamevaa makoti. Wakakaribishwa, wakapewa chai na maandazi na Anyesi, mke wa mzee. Mjomba akasafisha koo, akaeleza shida iliyowaleta, tena kwa ufasaha mkubwa. Mzee Lemomo alisikiliza mpaka mwisho. Alipoweka kikombe chini hakuuliza ukoo, hakuuliza dhehebu, wala ng'ombe hakuwataja. Aliuliza lile gari la bluu pale nje ni la nani.

Elinami akajibu kwa fahari kwamba ni lake. Mzee akaagiza jeki.

Basi ikawa posa ya watu waliosimama uani na makoti yao, wanatazama tairi likifunguliwa. Mzee alichutama, akatoa mfukoni kipimo chake cha chuma chenye meno ya kubana, akapima unene wa brekipedi kushoto, akapima kulia, akarudia kushoto. Zilibaki milimita nne.

"Ulizifunga lini hizi?"

"Wiki sita zilizopita, baba."

Mzee alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Kisha akawaeleza washenga imani yake, na mwinjilisti baadaye alikiri kwamba hata yeye hajawahi kuhubiri kwa uhakika ule. Mtu anayekanyaga breki, alisema mzee, ni mtu ambaye hakuwa anatazama mbele. Yeye aliteremka kuta za Ngorongoro na gari limejaa wageni kwa gia peke yake, na brekipedi zake zilikaa mpaka mameneja wawili wakastaafu wakaziacha. Mume ni dereva. Anayeona mbali hana haja ya breki, na asiyeona mbali atamla mke kama alivyozila hizi. Mkwe wake wa kwanza, Lesikar wa Lemara, alipimwa hivyo hivyo akafaulu. Hakusema, lakini Ilboru yote inajua, kwamba Lesikar akiendesha, mkewe huona afadhali ashuke atembee, na hufika kabla yake.

Hukumu ikatoka. Elinami afunge brekipedi mpya, aje zipimwe siku hiyo hiyo, kisha arudi baada ya miezi mitatu, gari akiwa analiendesha kila siku. Zikiwa zimelika zaidi ya milimita moja, achukue washenga wake, na watasalimiana kanisani tu. Ndani ya milimita moja, binti ni wake, na habari ya ng'ombe itazungumzwa kwa upole.

Silantoi alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Alicheka. Alidhani baba yake anatania, na Elinami akadhani itakuwa kazi ya kuchagua tu.

Jumatatu akaenda Daraja Mbili kwa Abdulrahman, muuza spea aliyerithi duka kwa baba yake na asiyejua kudanganya, jambo lililomfanya awe na wateja wachache lakini waaminifu. Abdulrahman akampangia maboksi mezani. Hizi za kauri, hazina kelele, hazichafui rimu, zinafaa mtu wa mjini. Hizi zenye chembe za chuma, zinapiga kelele kidogo, lakini mlima ukiteremka nazo huna wasiwasi. Hizi nyingine ni za kati, kwa gari la nguvu kama lake linalotembea barabara za kawaida ndizo angemshauri, zinashika zikiwa za baridi na zinashika zikiwa za moto. Elinami akauliza zipi zinadumu kuliko zote.

Abdulrahman akamtazama vizuri. Akamweleza, kwa subira ya mtu anayeeleza jambo lile lile kila siku, kwamba brekipedi ni kitu kinachokubali kuliwa ili wewe usiliwe. Inayoshika inalika. Isiyolika haishiki.

"Sasa wewe unataka kusimama au unataka kudumu?"

"Nataka kuoa," Elinami akasema.

Abdulrahman akayasukuma maboksi pembeni. Halafu akapanda ngazi, akateremsha kutoka rafu ya juu boksi lenye vumbi ambalo baba yake alishindwa kuliuza. Brekipedi ngumu kama kigae. Akasema aliyezifunga mara ya mwisho alizirudisha mwenyewe, kwa miguu, na hakutaka kueleza. Akamsihi achukue zile za kati. Elinami akachukua zile za vumbi, na Abdulrahman akampa mkono kama anayemuaga msafiri.

Zilipimwa Ilboru jioni ile. Milimita kumi na moja. Mzee akaikwaruza namba kwa msumari kwenye mlango wa stoo, na miezi mitatu ikaanza.

Wiki ya kwanza Elinami aligundua kwamba hata hizo ngumu zinalika ukizikanyaga. Alizipima kwa kipimo cha lenzi zake, chenye kuona hata unywele, akakuta zimepungua kidogo, akatoka jasho. Akaamua asikanyage kabisa. Haya, mtu mzima na akili zake timamu, anakaa mjini Arusha, mji wenyewe kila kona mteremko, anaamua hakanyagi breki. Alianza kutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kabla ya magari mengine. Kwenye mizunguko ya barabara alizunguka mara tatu, mara nne, mpaka zamu yake ifike, anawapungia mkono askari wa barabarani ambao mwanzoni waliitikia. Aliegesha sehemu za kupanda tu. Nyumbani alisimamia kwenye lundo la mchanga la jirani aliyekuwa anajenga, na jirani alipotaka kuutumia mchanga ule Elinami alimbembeleza mpaka nyumba ya watu ikachelewa mwezi mzima. Ng'ombe walipomkatizia njia Lemara hakukanyaga. Alikwenda shambani kwa mtu, akazunguka mahindi, akatokea upande wa pili, akaomba radhi kupitia dirishani bila kusimama.

Na kibaya zaidi, alianza kuona raha. Akimwona mtu anakanyaga breki alimsikitikia. Kazini aliwaambia wateja waliokuja kupima macho kwamba tatizo la nchi hii ni watu kutotazama mbele.

Aliyeumia ni Silantoi. Zamani Elinami akimfuata zahanati wangesimama mahali wakale mahindi ya kuchoma, wapige soga. Sasa akisema simama hapo, Elinami anasema subiri, na gari linasimama baada ya robo kilomita, na Silantoi anarudi kwa miguu kununua mahindi, akifika nayo yamepoa. Alimwona shangazi yake barabarani, hawajaonana tangu Pasaka, wakampita shangazi ameinua mkono. Mwishowe akazoea kushuka gari likitembea. Mkoba kifuani, mguu wa kushoto kwanza, anakimbia hatua tatu, anasimama. Wagonjwa waliokaa nje ya zahanati walimshangilia. Akamwambia Elinami waziwazi kwamba amechoka, kwamba hapendi, kwamba akae na Mzee Lemomo amweleze kuwa mchezo umezidi. Elinami akamshika mkono, gari likiendelea.

"Vumilia kidogo tu," alisema. "Yote haya ni kwa ajili yako."

Na alimaanisha. Ndiyo maana inaudhi.

Siku ikafika, Jumamosi. Asubuhi Elinami alipima mwenyewe mara tano. Kumi nukta moja. Ilibaki sehemu moja ya kumi ya milimita kati yake na ndoa, na kutoka Moshono hadi Ilboru aliendesha kwa gia, kwa vilima na kwa maombi. Washenga walikuwa wameshatangulia, safari hii walikataa kupanda gari lake. Walikuwa getini na Mzee Lemomo na Anyesi, wanangoja.

Alipoingia ule mteremko wa mwisho alimwona Silantoi. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, amevaa gauni zuri la kitenge, ameinua mkono. Hakuwa na haraka wala hofu. Alimtazama tu.

Elinami aliuona mkono, akaiona na ile sehemu ya kumi. Akarudisha gia ya pili. Gari likaguna, likaendelea kuja. Akapiga honi. Silantoi hakusogea. Akapiga honi tena, mguu wake wa kulia umekaa pale juu ya breki, hewani, haushuki. Halafu akakata usukani, akapita pembeni mwa binti wa watu karibu kiasi cha kuligusa gauni, akaingia kwenye migomba ya Anyesi, akaangusha mmoja, wa pili, wa tatu, na wa nne ukalisimamisha gari.

Akashuka na majani kichwani. Hajakanyaga.

Mzee Lemomo alikuwa ameshafika na jeki. Akapima kushoto, akapima kulia. Kumi nukta moja. Alisimama akamkumbatia Elinami, akamwita mwanangu, akasema tangu azaliwe hajaona mtu akishuka mteremko ule namna ile. Mjomba akaanza kupiga makofi, akaona anapiga peke yake, akaacha.

Silantoi alikuja polepole, akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, nilisimama barabarani. Akanipigia honi."

Mzee akasema lakini si amekwepa. Elinami naye akajitetea haraka haraka, kwamba alikwenda pembeni, kwamba alikuwa ameshapiga hesabu na nafasi ilikuwepo.

"Najua ulipiga hesabu," Silantoi akamwambia. "Nilikuona ukiipiga. Ungekanyaga kwanza, ukapiga hesabu baadaye, saa hizi tungekuwa tunakula."

Hakupandisha sauti. Macho yalimjaa machozi, akayafuta kwa kiganja, akamwambia baba yake amepata mtoto wa kiume na yeye hana mchumba. Mzee akageuka kumtafuta mkewe amsaidie. Anyesi alikuwa anatazama migomba yake.

"Miaka thelathini na mmoja mimi nashuka gari likitembea," alisema Anyesi. "Mwanangu hatashuka hivyo."

Ikawa imekwisha. Mwinjilisti alijaribu kuomba, akakosa pa kuanzia. Wakalisukuma gari kutoka migombani, Mzee Lemomo akilisukuma kwa bega, na Elinami akaingia, akaondoka. Hakuna aliyemzuia.

Chini ya Ilboru, penye barabara iliyonyooka isiyo na mtu, akakanyaga breki. Akakanyaga kwa miguu yote miwili, kwa nguvu zake zote. Zile brekipedi ngumu zikalia, gari likateleza likienda, likienda, likasimama. Akakaa pale na usukani mkononi, analia kama mtoto. Mama mmoja aliyebeba majani ya ng'ombe akaja mbio, akainama dirishani, akauliza amegonga nani.

"Shikamoo mama," Elinami akasema. "Hakuna mtu."

Mama akatazama mbele ya gari, akatazama chini yake, akaitikia marahaba, akaenda zake. Elinami akawasha gari, akasogea hatua chache, akakanyaga tena. Akaendelea hivyo mpaka Moshono, nyumba kwa nyumba, na hapakuwa na mtu mbele yake hata mara moja.