Tulivyoyachafua Meno ya Yaya

Mama yangu alikuwa mkali kwa mambo mawili tu: misa na meno. Misa ungeweza kuikosa ukiwa na malaria. Meno, hata malaria haikukutetea. Kila alfajiri, ukungu wa Butembo ukiwa bado umefunika mabati, alitutoa nje mimi na yaya, kaka yangu mkubwa, kila mmoja na mswaki wake na kikombe cha maji ya baridi yanayouma hadi masikioni. Tulisugua huku tukitetemeka chini ya mikaratusi. Alitukagua gego kwa gego, ndipo tukaruhusiwa kunywa uji. Baba alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo hapakuwa na wa kutuonea huruma.

Si hayo tu. Kila mwaka, Noeli ikikaribia, alitupandisha kwenye lori twende Beni kusafishwa meno hospitalini. Majirani walimwona amerukwa na akili.

"Batu banaenda kule kung'oa," jirani mmoja alimwambia, "na wewe unapeleka batoto bazima kuenda kukwanguliwa?"

Mama alitupandisha lori vile vile. Huko Beni palikuwa na mama mmoja mnene mwenye mikono midogo, aliyetuondolea ukoga kwa kijichuma chenye ncha iliyopinda. Mimi nililia kila mwaka. Yaya alipenda. Alitoka pale akipitisha ulimi juu ya meno yake, na njia nzima ya kurudi alicheka bila sababu ili watu wayaone. Alinikera kupita kiasi, nami nilimpenda kupita kiasi.

Vita vilipofika, njia ya Beni ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Mji ulishikwa na askari waliotoka mbali. Kwenye misitu ya vilimani walikuwa vijana wa kwetu waliopigana nao, wenye maji ya dawa ambayo, walisema, mtu akinyunyiziwa, risasi haimwingii. Yaya alikwenda kuvuna viazi upande wa Vuhovi. Jembe lake likarudi na jirani, yeye hakurudi. Tukasikia yuko na wale wa msituni. Mama aliacha kula, lakini hakuacha kunikagua meno, na mimi nilikasirika hadi machozi, kwa sababu niliona anakagua kinywa kimoja badala ya viwili, kisha ananituma nikanywe uji.

Alirudi asubuhi moja ya ukungu mzito. Mimi ndiye niliyemwona kwanza: mtu amesimama nje ya ua, hasogei, hapigi hodi, na kuku wetu wote wamejikusanya upande wa pili wa kiwanja. Sikumtambua mpaka alipogeuza kichwa. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umevimba hadi jicho limefumba. Mama akatoka jikoni mbio, mikono imefunguka.

"Hapana kukaribia, mama," akasema. "Hapana kunigusa."

Ilikuwa sauti ya yaya, ila ilitoka kwa shida, taya halifunguki. Shingoni alikuwa na kamba nyeusi yenye kifuko cha ngozi. Harufu ya kinywa chake ilitufikia pale pale tulipokuwa, na mama, ambaye hakuwahi kuogopa askari wala bunduki, akarudi nyuma hatua moja.

Alituambia mambo yake akiwa nje ya ua, macho yake yakitazama chini. Jino lilianza kumuuma muda mrefu uliopita. Mkubwa wao alimpa ruhusa aje nyumbani hadi uvimbe upungue, kisha watakuja kumchukua.

"Kule hapana sabuni," akasema. "Hapana burosi ya meno, hapana mukono ya mwanamuke. Mutu akitia chuma mu kinywa, mayi yake ya dawa inakufa. Anakufisha na benzake."

"Na banajua namna gani kama mutu amevunja sheria?" mama akauliza.

"Banaangalia." Akashika kile kifuko. "Kulikuwa mumoja alioga na sabuni."

Tukangoja amalizie. Alipitisha kidole kooni tu.

"Na wewe ukikufa na hilo jino," mama akasema, "hiyo mayi itanisaidia nini?"

Bahati ilikuwa hii: yule mama wa Beni, wa kijichuma, alikuwa amekimbia vita na kuhamia kwa ndugu zake huku Butembo, na vyombo vyake alivibeba vimefungwa kwenye kitenge. Mama alikwenda kumleta. Yule mama wa meno akamtazama yaya kwa mbali, akatikisa kichwa.

"Mais, mama, hii iko na usaha mingi. Ikishuka mu shingo, atakosa pumzi. Tunafungua leo."

Yaya alitutazama mmoja mmoja kwa lile jicho lake moja. Kisha akazunguka nyuma ya jiko. Aliporudi, kamba haikuwa shingoni. Alikuwa ameitundika kwenye mti wa kahawa. Akatueleza kwa sauti ya chini kwamba sheria hutembea na kamba, na kinywa kikifanya jambo bila kamba kuwapo, kamba haikuona. Sijui kama alifundishwa hivyo au alijitungia mwenyewe kwa maumivu. Mama alifanya ishara ya msalaba, akaenda kuwafukuza kuku wasipite karibu na ule mti. Mimi nilijitahidi nisiuangalie. Hakukuwa na upepo, na kile kifuko kilikuwa kinazunguka polepole, upande huu, kisha upande ule.

Nilishika beseni. Jipu lilipasuliwa, gego la nyuma kabisa likang'olewa, na yaya hakutoa sauti hata moja. Angelia ningekuwa na nafuu. Mtoto wa nyumba yetu aliyekuwa akipiga kelele akijikwaa kidole, sasa alikaa anatazama mikaratusi kama anayepasuliwa ni mtu mwingine.

Yule mama akawa anarudi asubuhi kumsafisha kidonda kwa maji ya chumvi. Kila alipokuja, kamba ilitundikwa. Uvimbe ukashuka, jicho likafumbuka, taya likalegea. Na siku kinywa kilipoweza kufunguka chote, yule mama akaona meno mengine: ukoga wa kahawia umeyazunguka, fizi zimevimba na kutoa damu. Alikasirika hasa. Alikijua kinywa kile tangu meno ya utotoni.

"Siwezi kukiacha hivi," akasema, akafungua kitenge.

Mama alifurahi. Mimi nilifurahi. Hakuna aliyefikiri, na hata sasa sielewi tulikuwa na akili gani. Sauti ya chuma kikikwangua jino ilijaza kiwanja chote, kri, kri, kri, na vipande vya kahawia vikadondoka kwenye beseni langu. Tulipomaliza, mama akampa mswaki na chumvi, naye akasugua kwa nguvu zote. Nikamletea kipande cha kioo. Akajitazama, akacheka. Kicheko kile tulikuwa hatujakisikia tangu siku ya viazi.

Kisha kikakatika katikati. Akaweka kioo chini, akafunika mdomo kwa kiganja.

"Mama," akasema, "bataona."

Ndipo na sisi tukaelewa. Kule msituni hakuna aliyepiga mswaki. Meno ya wote yalikuwa ya rangi moja, na ya kwake sasa yaling'aa hata kwenye ukungu. Wakija kumchukua, watayaona mara tu afungue mdomo.

Mama akaamua yaya hatarudi msituni kabisa. Mjomba wetu alikuwa mfanyabiashara huko Kamango, na kutoka Kamango hadi Uganda ni kuvuka mpaka tu. Yaya angeondoka na wachuuzi watakaopita Beni siku ya soko. Ila wale wenzake wangeweza kufika kabla ya hapo, na nyumba yetu waliijua.

Basi mama, aliyenichapa mimi kwa kusahau mswaki, akaanza kuyachafua meno ya mwanawe. Alijaribu makaa peke yake, mate yakayaosha. Akakata mgomba, akakinga ule utomvu unaoharibu nguo hata ufue vipi, akauchanganya na masizi ya chungu na mafuta ya mawese. Asubuhi na jioni alimkausha meno kwa kitambaa, akampaka kwa kidole, akasukuma masizi hadi kwenye fizi kwa kijiti. Kisha alirudi nyuma, akainamisha kichwa, akakagua. Mahali palipobaki peupe alipaka tena. Alikuwa fundi, sikatai.

Mimi nilianza kumwogopa yaya. Hakuzungumza, asije akaharibu kazi. Alikula akimeza bila kutafuna. Mchana alisinzia kwenye kigoda, mdomo wazi ili mate yasiguse, na ukipita mbele yake uliona lile shimo jeusi ambalo halikuwa na mwanzo wa jino wala mwisho. Alikuwa ndugu yangu, mzima, amepona, na nilipita mbali.

Walikuja asubuhi ya safari. Mfuko wake ulikuwa tayari umefungwa, uko chini ya kitanda. Kuku ndio waliotuambia: walijikusanya. Nikatazama nje ya ua, walikuwapo wawili kwenye ukungu, wenye kamba nyeusi shingoni, vijana wa rika la yaya. Mmoja alikuwa mpole sana.

"Wavukire, mama," akamwamkia mama kwa Kinande, kwa heshima zote. "Tunakuya kutwala mwenzetu. Donc, amepona?"

Mama alijibu amepona kidogo. Yaya akatoka na kamba yake shingoni. Yule mpole akamsogelea bila kumgusa, uso kwa uso, akamtazama shavu, kisha midomo.

"Cheka," akasema.

Yaya akacheka. Sauti haikutoka, ni midomo tu iliyovutwa, na kazi ya mama ikaonekana yote, kahawia na nyeusi, hadi kwenye fizi. Kijana akaangalia jino baada ya jino. Mwisho akatikisa kichwa kukubali, hata akatabasamu, na meno yake yalikuwa hivyo hivyo.

"Iko muzuri. Mayi yake iko na uzima. Twende."

Mama alinibana mkono. Nakiri nilifurahi, nasi sote wawili tulifurahi kwa muda wa pumzi moja, kwa sababu tulikuwa tumeshinda. Kisha wakaanza kuondoka, na yaya yuko katikati yao. Tulikuwa tumejiandaa wasimuue; hatukujiandaa wamchukue. Mama alitaka kuita, akapiga hatua moja kuelekea njiani. Angesema nini? Kwamba meno yale ni masizi?

Yaya aligeuka mara moja kwenye kona ya njia. Alikuwa bado anacheka vile vile, kwa sababu hakuna aliyemwambia afunge mdomo.

Hatukumwona tena, wala hatukuletewa habari ambayo mama aliikubali. Mimi nina umri mkubwa sasa kuliko aliowahi kuufikia yeye. Ninapomkumbuka, anakuja vizuri: paji la uso, masikio, mwendo wake. Kisha anacheka, na ninachokiona ni kazi ya mikono yetu.