Asali Iliyoganda Githongo

Niliondoka kwetu Muthara kwa sababu ya kibuyu cha asali. Mahari ya Kimeru haikamiliki bila asali, na ile tuliyopeleka Githongo, nyumbani kwa Kendi, mchumba wa kaka yangu Mwenda, ilikutwa imeganda, punje tupu. Baba Kendi aliionja, akarudisha kifuniko.

"Asali safi haigandi. Hii mmetia sukari."

Mazungumzo ya ndoa yakasimama hapo.

Chuoni ninasomea fizikia ya nadharia. Utafiti wangu ni hesabu tu: kwa nini kitu hukaa muda mrefu katika hali moja, kisha kikageuka chote. Nilimweleza mzee kwamba asali yenyewe ina sukari nyingi kuliko inavyoweza kuyeyusha, na baridi ya Githongo huisukuma igande. Akaniuliza kama nilikuwepo ikivunwa. Sikuwepo. Kusema kweli, hata mimi sikumwamini muuzaji. Nikaomba niende Kiritiri alikoinunua Mwenda, pamoja na mtu wa upande wao ashuhudie asali nyingine ikivunwa, kisha tuone kama itaganda.

Asubuhi iliyofuata nilisafiri na dada ya mzee, Karimi, niliyemwita Tata, yaani shangazi. Tulipofika Embu tukanywa chai, naye akaanza kunichokoza.

"Hiyo hesabu yako inasema itaganda siku gani?"

"Haisemi, Tata. Punje ndogo hutokea na kuyeyuka tena. Moja ikibahatika kuzidi ukubwa fulani, nyingine huishikilia. Hesabu hutoa uwezekano, si tarehe."

"Kumbe baba yako analipa karo ujifunze kusema hujui."

"Kusema sijui kwa usahihi."

Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Mchana tulikuwa Kiritiri, kwenye joto kali. Njeru, mfugaji nyuki, alishusha mzinga wa gogo kutoka kwenye mgunga. Tata alijifunika leso akasimama ndani ya moshi, macho yakimtoka machozi, asiondoke. Asali ilichujwa mbele yake. Akajaza chupa mwenyewe. Nilitaka kutia chembe ya ile iliyoganda, niliyokuja nayo, ili iharakishe kazi. Akanipiga mkono.

"Ukitia hiyo, ndugu yangu atasema umetia sukari. Acha igande yenyewe."

Tuliporudi Githongo, chupa iliwekwa kwenye rafu ya jikoni kwa Tata. Mwenda alinipigia kila jioni: "Imeganda?" Bado. Jambo hili nilikuwa nimelipigia hesabu mezani miaka mingi bila kuwahi kulingoja. Nilianza kuitilia shaka nadharia, kisha Njeru, kisha macho ya Tata.

Siku Tata aliponiita, chini ya chupa kulikuwa na weupe. Siku chache baadaye ukapanda hadi juu. Tukaipeleka kwa Baba Kendi. Aliipindua; hakuna kilichosogea. Mwenda akatabasamu. Ningenyamaza, lakini sikuweza.

"Mzee, hii haithibitishi kwamba ile ya kwanza ilikuwa safi."

Mwenda alinikanyaga mguu.

"Najua," mzee akasema. "Lakini mimi nilisema asali safi haigandi. Dada yangu ameona hii ikitoka mzingani, na imeganda. Neno langu ndilo lililoanguka. Leteni kibuyu chenu."

Nimerudi chuoni na swali ambalo sikuwa nikijiuliza: kati ya ninayoyasema kwa uhakika, ni lipi linaloweza kuangushwa na chupa moja?