Ala ya Kashindi

Siku ya kwanza kazini sikugusa ngozi. Patro, fundi wa ngozi pale Mulongwe, alinipa kipande cha mti mgumu, akaniambia nichonge kisu sawasawa na cha chuma kilichokuwa mezani: unene ule ule, mgongo ule ule. Shule niliachia darasa la tatu, sikuwa na kitu cha kujivunia ila mikono. Viwili vya kwanza Patro alivitia motoni. Cha tatu alikishika kwa muda mrefu, akasema, "Sasa weye iko na macho."

Kisu hicho cha mti tulikiita kalibu. Ninyi vijana mnaoshona ala za visu kwa kukadiria, someni vizuri hapa. Ngozi ya ng'ombe unailoweka mpaka ilegee, unaikunja juu ya kalibu, unaibana kwa vidole na mfupa laini mpaka ishike umbo, kisha inakauka kivulini. Ukitumia kisu chenyewe, kitapata kutu. Kati ya kingo mbili unatia utepe wa ngozi ili makali yasikate uzi. Unatoboa kwa msharasi, ile sindano nene yenye mpini, na unashona kwa uzi uliopakwa nta. Ukimaliza, kisu kinateleza ndani na mwisho kinasema *tok*. Geuza ala juu chini, tikisa. Kikianguka umeshona mfuko.

Kalibu hazikutupwa. Kila moja ilikuwa na msumari wake ukutani, maana wafua chuma wetu hawakutoa visu viwili vinavyolingana. Na Patro alikuwa na sheria moja: ala ya muntu haipewi muntu mwingine.

Patro alipozeeka nilifungua atelie yangu, karakana ndogo, mtaa wa Songo. Hakuna aliyenisaidia, na sikuomba. Vita ikaja, ikaenda, ikarudi. Kazi haikupungua, kila mwanaume alitaka kisu kiunoni. Lakini ukuta wangu ulianza kunikosesha raha. Huyu amekufa, yule amevuka ziwa, yule hajulikani alipo, na kalibu zao bado zinaning'inia, ncha chini. Upepo wa ziwa ukiingia zilikuwa zinagongana taratibu, kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Wajane walikuja kuomba kuzishika tu. Niliwaruhusu.

Mdogo wangu Kashindi alilima mpunga bondeni, Bwegera. Ala yake ilikatika, akaniagiza nyingine; kisu alibaki nacho. Niliishona kwa kalibu yake nikaitundika kwenye msumari wake. Kabla hajaja kuichukua, watu wenye silaha waliingia kule bondeni, naye akapotea. Mama alikataa matanga. Alisema hatamlilia muntu asiyejulikana amelala wapi. Kila siku alikuja atelie akakaa chini ya ule msumari.

Mchana mmoja wa jua kali, Mama akiwa pale pale, aliingia mwanaume wa koti la kijeshi lililochakaa. Bunduki hakuwa nayo. Aliweka kisu mezani, kimeviringishwa kwenye kitambaa.

"Papa, minye natafuta ala. Hii kisu, nimeinunulia ala ine. Yote inakataa. Iko inaanguka tu, na kila mara ncha inatafuta mguu yangu."

Mpini ulikuwa mpya, umefungwa waya. Kwa macho sikukitambua, nasema kweli. Nilimjibu kwa majivuno kwamba hizo nne zilishonwa na wajinga. Nilitaka kuchukua kipande cha ngozi nimpime. Badala yake mkono ulipanda ukutani, wala sikuutuma, ukashusha ala ya Kashindi. Kisu kikateleza ndani.

*Tok.*

Nikageuza. Nikatikisa. Hakikuanguka.

Ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Nilikuwa nimevunja sheria ya Patro, na nimemwonyesha mtu wa vita kwamba ninamjua mwenye kisu. Wakati ule watu walikufa kwa kosa dogo kuliko hilo.

Aliuliza polepole, "Papa, mulinipima siku gani?"

Aliyejibu ni Mama, amekwisha kusimama. "Haikupimwa weye. Ilipimwa mutoto wangu. Mulimuacha wapi?"

Yule mtu akatazama ukuta, msumari kwa msumari. Akaniuliza kama zote hizo ni za watu. Nikamwambia zote. Akamgeukia Mama.

"Nyuma ya mashine ya mupunga, kando ya mufereji. Tuliweka majiwe tatu."

Alitoka kinyumenyume, bila kuupa ukuta mgongo. Kisu alikiacha.

Tulikwenda Bwegera. Mawe matatu yalikuwepo. Mama alilia siku zote za matanga, kisha akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu Kashindi apotee.

Sasa mikono inatetemeka na sindano nimeiacha. Ala zangu hazikuwahi kuangusha kisu, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Kisu cha Kashindi kiko kwenye ala yake, kwenye msumari wake. Mvua za kwanza zikinyesha huwa kinapanda kidogo, upana wa kidole, bila kuguswa. Ngozi inakunywa unyevu, ninajua sababu. Mama hakutaka sababu. Kila mwaka alikisukuma kwa kidole mpaka mwisho, akisema, "Lala, mwanangu." Tumemzika mwaka huu, kabla ya mvua.

Juzi mvua zimeanza, kisu kimepanda. Mimi sikukisukuma, nilitaka nione. Jana mchana ninakula, niko peke yangu, mlango nimeufunga mwenyewe, nikasikia kutoka ukutani: *tok*.