Kukaza Ndiko Kufungua

Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ilikuwa na ngazi ya vidato ishirini na tatu. Nilivihesabu kupanda, nikavihesabu kushuka, maana miaka ile ya baada ya Mapinduzi sikuiamini hesabu ya mara moja, hata ya vitu visivyohama. Juu kabisa alilala mama yangu, ambaye miguu ilikuwa imeshamkataa. Chini, pale kidato cha mwisho kinapogusa ua, shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa na tanuri lake la kufulia chuma. Njia nyengine ya kumtoa mama haikuwepo. Nililijua hilo kila nilipopita pale.

Siku za mkaa hofu ilikuwa ndogo. Mkaa ukikuudhi unaumwagia maji. Lakini ngozi ya mivukuto ya kupulizia moto ilipasuka, ngozi mpya haikupatikana, na majembe ya wakulima wa Kizimbani yalikuwa yamerundikana uani yanangoja kufuliwa upya. Shemeji akasikia kwamba kuna karakana zinachoma chuma kwa gesi. Akanituma sokoni Darajani nikamtafutie, kwa kuwa mimi ndiye niliyesifika kwa ulimi.

Muuzaji alikuwa na mtungi mmoja na vichwa viwili. Kichwa ndicho kile kifaa cha shaba kinachofungwa juu ya mtungi, kikaitia adabu gesi kabla haijaingia kwenye mpira wa kuipeleka motoni. Kimoja kilikuwa kidogo, cha jikoni, hakina pa kukizungusha. Cha pili kikubwa, cha karakana, chenye parafujo nene mbele na saa ya kuonyesha nguvu. Kioo cha saa kilikuwa kimevunjika na mshale umelala kwenye sifuri.

"Saa hii inasema nini?" nilimuuliza.

"Inasema sifuri."

"Hata mtungi ukijaa?"

"Hata ukijaa. Ndio maana nnakupa kwa bei hiyo, bwana."

"Basi nikulipe nusu, maana nusu yake imekufa."

Nikaondoka na mtungi, na kichwa kikubwa kwa bei ya kidogo, nimefurahi mpaka Mkunazini. Hapo ndipo liliponijia kwamba nimepigania punguzo la kitu ambacho kazi yake ni kunambia lini nikimbie.

Shemeji alipokifunga kichwa mtungini, nati ilikataa. Aliizungusha kulia, kama watu wanavyofunga kila kitu, ikawa inatoka. Akajaribu kushoto, ikaingia.

"Hii ya mkono wa kushoto," alisema. "Haikulelewa."

Tukapaka povu la sabuni kwenye maungio, tuone kama gesi inavuja. Povu lilitulia. Nikapaka tena.

"Shemeji, unaipima au unaiosha?" aliniuliza.

"Nnahakikisha."

"Sabuni yenyewe tumeipangia foleni."

Halafu akanionyesha ile parafujo. Ukiikaza, gesi inazidi. Ukiilegeza mpaka ikawa inacheza, gesi imekatika. Nikaitikia naam, kama mtu anavyoitikia jambo atakalolielewa siku nyengine.

Tuliwasha asubuhi, dada yupo sokoni. Moto ulitoka wa buluu, na sauti yake ilikuwa ya kitu kikubwa kinachokuja kwa mbali na hakifiki. Mama akaita kutoka juu.

"Kuna nini huko? Meli imepanda barazani?"

"Hapana, mama. Shemeji anafua."

"Zamani alikuwa akifua bila ya kunguruma."

Jembe la kwanza liliiva kabla sijamaliza kuogopa. Shemeji mikono yake ilikuwa kwenye koleo na nyundo. Mimi nilipewa kukaa na mtungi, na macho yangu yalikuwa kwenye saa, ambayo iliniambia sifuri.

Kwenye jembe la tatu nikauona mpira unavimba, pale unapokaribia tanuri. Uvimbe ulikuwa kama limau, kisha kama chungwa. Moto ukatoka mdomoni mwa tanuri ukaugusa mkono wa ngazi, ule wa mbao.

"Punguza!" alisema shemeji.

Nikaishika parafujo nikaizungusha kulia, kama nilivyofunga kila bomba la maji tangu nizaliwe. Moto ukarefuka. Nikasema moyoni, sijafunga vya kutosha. Nikakaza tena.

"Fungua!"

Nikamtazama. Moto unaramba ngazi ya mama yangu, na mtu huyu anataka nifungue. Nikaona joto limempanda kichwani. Nikakaza kwa nguvu zangu zote.

"Fungua, nnakwambia! Parafujo, fungua!"

Mpira ukachomoka. Ulipiga ukuta, ukarudi, na moto ukawa hauna tena mahali pake. Shemeji akaitupa koleo, akaruka, akakamata ile koki ya juu ya mtungi wenyewe, ambayo ilikuwa na akili za kawaida na hufungwa kulia. Kimya kikaingia uani kama mtu. Mkono wa ngazi uliendelea kuwaka, na ndoo ya maji aliimwaga yeye.

Mimi nilikuwa nshapanda. Nilihesabu vidato ishirini na kimoja, na mpaka leo sijui viwili nilivipitaje.

Mama alikuwa amejitambaza mpaka ukingo wa kitanda, kanga mabegani, buibui limekunjwa mapajani.

"Nilikuwa nakungoja," alisema. "Mmoja anasema fungua, mwengine anafunga. Nikasema, wacha nivae, haya majibizano hayana mwisho mwema."

Nikambeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kuliko mtungi, na hilo ndilo lililonitoa machozi, si moshi. Nikamweka barazani, nje.

"Mie juu sirudi," alisema, "mpaka hicho kitu kitoke."

Shemeji alikaa kidatoni, viganja vimeungua. "Ningesema legeza," alisema. "Neno lilikuwepo. Halikunijia."

Nilikifungua kichwa kutoka mtungini, kushoto kwangu kukiwa kulia, nikailegeza parafujo nikihesabu. Mizunguko saba mpaka ilipoanza kucheza. Nikairudisha ndani, nikahesabu tena. Saba. Kila mmoja niliuzungusha kwa mkono wangu, nikiamini namwokoa mama.

Kesho yake nikavipeleka Darajani, mtungi na kichwa. Muuzaji aliniuliza kina kasoro gani. Nikamwambia yote, jambo ambalo sijapata kulifanya sokoni kabla wala baada yake. Akataja bei ya kuvichukua. Ilikuwa bei ya dharau. Alinisubiri nibishe, na aliposubiri akachoka akaniuliza kama naumwa.

Mivukuto tuliitia kiraka cha turubai. Jioni nikambeba mama kumrudisha juu. Pale mkono wa ngazi ulipoungua aliunyoosha mkono wake akaupapasa ule weusi, akanusa vidole.

"Vingapi?" aliniuliza tulipofika.

"Ishirini na tatu."

"Hesabu tena ukishuka," alisema.