Aliyeonekana Kisimani Miritini

Mke wangu Mbeyu alikaanga mihogo njiani Changamwe, pale makuli wanapopita wakirudi kutoka gatini. Kazi hiyo aliifanya mpaka nywele zikawa nyeupe. Maneno mengi yalikuwa yake, yangu machache. Sasa nyumba imenyamaza.

Tulibatizwa pamoja, tukiwa watu wazima. Lakini kila asubuhi Mbeyu alimwaga maji kidogo mlangoni kabla ya kunywa, kuwapa koma, wazee wetu waliokufa. Mwalimu wa kanisa, Ishaka, alimkataza.

"Mama, waliokufa wamelala. Hakuna koma, hakuna mizuka."

"Haya, mwalimu. Na wale wanafunzi chomboni, walipomwona Yesu juu ya maji wakapiga kelele kwamba ni kivuli, aliwaambia vivuli havipo?"

"Aliwaambia wasiogope."

"Basi mimi siogopi," akasema Mbeyu, akamwaga.

Siku hiyo Ishaka alicheka. Nilimpenda kwa hilo.

Mbeyu alikuwa na leso moja ya kutokea, nyekundu, yenye picha za korosho. Cheche ya mkaa iliitoboa pindoni, akaishona kwa uzi mweusi, ovyo, maana macho yalikwisha pungua. "Nikifa mnifunge hii," alisema. "Nisifike kwa mama yangu kama mwehu."

Alikufa kwa homa, wakati wa vita. Madukani nguo hakuna. Wanawake wa kanisa wakamwosha, Kanze mke wa Ishaka akiwa mbele. Leso nilimpa Kanze mkononi, amfunge. Sanduku lilipotolewa nje lilikuwa limekwisha pigwa misumari.

Haukupita muda, Nguma mgema akaja mbio.

"Masha, nimemwona mkeo kisimani Miritini, jua likizama! Leso yake ile ile. Nilikuwa juu ya mnazi, nusura nianguke."

"Ulikuwa umekunywa."

"Kidogo. Lakini leso haikunywa."

Akataka kuku na tembo la mnazi, tumpoze koma. Kuku wangu, tembo lake, na mnywaji yeye mwenyewe. Nilichukia.

Wengine nao wakaona. Jumapili Ishaka akasimama mbele ya watu. "Anayeonekana kisimani si Mbeyu. Ni shetani, amevaa sura ya Mbeyu. Msimtazame, msiende huko." Wanawake wakajifunika nyuso. Kanze ndiye aliyeanza.

Mke wangu, afanywe vazi la shetani!

Lakini nasema kweli, nilitaka awe yeye. Koma, kivuli, jina lolote. Nikaenda kisimani jioni.

Leso ikaja, imefungwa kiunoni, debe kichwani. Nikaita, "Mbeyu!"

Debe likaanguka.

"Shikamoo, baba," akasema Kanze.

Nikauona uzi mweusi.

"Ilikuwa nzuri, baba. Ilikuwa inakwenda kuoza tu. Na nguo zenyewe hakuna..." Akaanza kulia. Marahaba sikuitoa. Jasho la Kanze lilikuwa ndani ya nguo ile, na mafuta yake ya nazi. Alimvua maiti, akavaa yeye.

Nikamfuata hadi kwao. Ishaka alikuwa barazani, Biblia magotini.

"Ulijua?"

Akaifunga. "Nilijua kwamba si Mbeyu."

"Na huyo shetani?"

Kanze akaingia ndani, akanitolea leso, ameikunja vizuri kama zawadi ya arusi. Niliipokea kwa vidole viwili. Nikatema mate mlangoni pao, mimi ambaye sijapata kutemea mlango wa mtu.

Nimeifua, nikaifua tena. Harufu haitoki.

Kama wafu hurudi, sijui. Sikusoma. Najua kwamba kama Mbeyu angaliweza kurudi, leso angaliifuata mwenyewe, na Kanze asingalipata usingizi. Hakuja. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko wizi.

Jana nimeichimbia penye kichwa cha kaburi lake. Nguma alikuja na kibuyu chake, nikamfukuza. Kisha nikamwaga maji kidogo, kama alivyopenda.

Ishaka akiniuliza kama nalisha koma, nitamwambia nimerudisha nguo ya mwenyewe.