King'ora Kilichomnyima Mama Usingizi

Wacha niseme mwenyewe kabla wenzangu wa Kidato cha Tatu hawajanisemea na kuongeza chumvi: yule msichana aliyemwagiwa beseni la maji mbele ya watu kule Magwagwa, akiwa amevaa kofia ya zimamoto iliyomfunika mpaka puani, ni mimi, Kwamboka.

Mama yangu ni mzimamoto katika kituo kimoja mjini Kisii, na kile kituo hakipumui. Leo vibanda vya mitumba, kesho jiko la hoteli, kesho kutwa ng'ombe ametumbukia chooni (ndiyo, hata huyo huitiwa zimamoto, usiniulize kwa nini). Kule upande wa Magwagwa kuna kituo kidogo ambacho gari lake linang'aa kama la bibi harusi kwa sababu halitoki, na wafanyakazi wake wamekuwa mabingwa wa drafti. Basi wakubwa wakaamua vituo hivyo viwili vibadilishane watu wiki kwa wiki, waliochoka waende kule wakalale, na waliolala waje mjini wachoke. Zamu ya Mama ilipofika, macho yalikuwa mekundu, kidole kimefungwa bandeji, na jioni moja nilimkuta jikoni kwetu Kiogoro amelala wima huku mwiko uko ndani ya ugali.

"Kwamboka," aliniambia, "wiki hii sitaki kusikia hata filimbi."

Shule zilikuwa zimefungwa, nikamfuata, ati nikampikie. Jumatatu mchana akala, akajilaza chumba cha nyuma, na mimi nikaona gari liko peke yake, mlango wazi, funguo ndani. Nilitaka video moja tu. Mimi kwenye usukani, kofia kichwani, uso wa ushujaa, na king'ora kidogo cha sekunde mbili (nilikuwa nimeshapiga hesabu kwamba sekunde mbili haziamshi mtu). Nikabonyeza, kikalia. Sekunde mbili zikapita, king'ora hakina habari ya kunyamaza. Nikabonyeza kingine, taa zikaanza kuzunguka. Nikavuta kijiti fulani, vipangusa kioo navyo vikaanza kucheza, na hapo nikaacha ushujaa nikaanza kupiga mayowe.

Sasa watu wa pale hawakuwa wamewahi kulisikia hilo gari likilia, na kwetu kukiwa na mayowe huulizi ni ya nani, unakimbia na ulicho nacho mkononi. Wachuma chai walikuja na vikapu mgongoni, fundi mmoja na ngazi, akina mama wa kwaya na mitungi ya maji. Wakautafuta moto, wakaukosa. Muuza ndizi mmoja anaitwa Nyaboke akafuata kelele, akaona kitu chenye kofia kinapiga mayowe ndani ya gari, akanimwagia beseni lote la maji.

Mama alitoka mbio, buti mguu huu, ndara mguu ule. Akapenyeza mkono akazima king'ora kwa kitufe ambacho naapa hakikuwepo mwanzoni.

"Moto uko wapi?" fundi akauliza.

"Hakuna moto. Ni mtoto wangu," Mama akasema. "Mtusamehe."

Nilingoja matusi. Lakini Nyaboke aliligusa gari kwa kidole, taratibu, kama mtu anayepima joto la sufuria. "Kwani hili linafanya kazi? Sisi tulidhani ni la gwaride. Jiko langu la nje lilishika moto tukalizima na matope." Kisha akamtazama Mama. "Na tukiwaita, mnakuja?"

Hapo Mama angeweza kupiga miayo tu, mambo yaishe. Nilimwona akitamani. Lakini aliokota kipande cha mkaa, akaandika namba ya kituo ukutani, kubwa, hata asiye na miwani aisome.

Jioni ile ile simu ikalia, nyuki. Jumanne, ng'ombe (nilikwambia). Jumatano, jiko la jirani yake Nyaboke, na hilo lilishika moto kweli. Mama na wenzake walifika paa limeteketea nusu, nyumba kubwa ikapona. Mama alirudi akinuka moshi na hakupata hata usingizi wa kuku. Alhamisi wakubwa wakatazama kitabu cha simu zilizopigwa, wakasema hiki si kituo cha kupumzikia tena, kila mtu arudi kwake.

Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Kwenye pikapu ya kurudi mjini alinilalia begani kabla hata hatujafika barabara ya lami. Dereva alipotaka kumpigia honi mbuzi njiani, nikamshika mkono.

"Usipige, tafadhali."

Akanitazama. "Wewe? Wewe ndiye unanikataza kelele?"

"Ndiyo, mimi."

Bega lilikufa ganzi mpaka tukafika Nyakoe, karibu na mjini, na sikulisogeza, na hapo ndipo nilipoapa kwamba mahali Mama amelala, mimi sibonyezi kitu, hata kalamu.